Komwe Kumi, Bakuli Moja

Binti yangu ameliingiza duka letu la Tegeta kwenye simu. Ndivyo anavyosema mwenyewe, "tumeingia kwenye simu," utadhani tumehama nyumba. Kila jioni anapiga picha vitenge, mashuka, hata sabuni, anawatumia wateja, na mteja akinunua anapata pointi. Pointi zikitimia simu inamwandikia yenyewe: mpendwa mteja, hongera, njoo uchukue zawadi yako. Juzi na mimi nimeitwa mpendwa mteja na duka langu mwenyewe, kisa nilijichukulia foronya mbili na yeye akaziandika. Nilicheka mpaka nikatafuta pa kukaa.

"Mama, hii ndiyo biashara ya kisasa," akaniambia. "Mteja lazima umshike. Umpe sababu ya kurudi."

Ananifundisha mie! Mie niliyekuwa nikiwashika wateja Temeke kabla yeye hajazaliwa, bila simu, na siku nyingine bila hata umeme. Nilikuwa nikiwashika kwa komwe. Nilipomwambia hivyo akaniuliza komwe ni kitu gani, nikaona basi, huyu hata nikimweleza leo kesho atasahau, heri niandike.

Komwe ni mbegu ya mti wa miiba unaoota karibu na ufukwe. Ni ya kijivu, ngumu, ukubwa wake kama gololi. Utotoni tulikuwa tukiisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka ishike moto, kisha unamgusisha mwenzio mkononi na kutimua mbio. Mimi hiyo ndiyo kazi ya komwe niliyoijua. Kazi yake nyingine nilikuja kuijua nikiwa mtu mzima, mbele ya wazee wenye hasira.

Duka lilikuwa la baba. Lilikuwa fremu ya mbele ya nyumba yetu, na mbele yake baraza pana ya saruji ambayo hakuna aliyekuwa akiikalia kwa sababu baba hakupenda watu wamzibie mlango. Mtaa mzima ulipaita "kwa Mwarabu," ingawa baba alizaliwa Temeke hiyohiyo, na baba yake pia, na Arabuni kwenyewe alikuwa hajawahi kufika hata kwa ndoto. Kiarabu chake kilikuwa cha msikitini. Akikasirika alikasirika kwa Kiswahili cha Temeke kama jirani yeyote.

Alikuwa mtu wa haki na mtu mgumu. Mizani yake hata adui aliisifu. Lakini nyongeza kwake ilikuwa haitoki. Mwanamke akishapimiwa mchele wake akasema, "Niongeze basi kidogo, Sheikh," baba aliitazama mizani, akaona imesimama sawa, kisha akamuuliza kwa upole kabisa aongeze nini na kilo imetimia. Si ubahili. Ndivyo alivyoumbwa. Isitoshe, biashara aliijulia katika miaka ya foleni, wakati sukari ikifika dukani habari zinatangulia kufika mtaani, na mteja ndiye anayembembeleza muuzaji. Mtu aliyebembelezwa miaka yote hiyo atajifunzia wapi kutabasamu?

Kisha ikaja ruksa, serikali ikafungua milango ya biashara. Kilichokuwa hakionekani kikaanza kuonekana, na kilichoonekana kikajaa. Sabuni za kunukia za kila rangi, mafuta ya kupikia kwenye madumu ya njano, biskuti, na mabakuli ya plastiki kutoka Dubai yaliyokuwa yakiwatoa wanawake roho. Maduka yakaota kila kona. Baba alikuwa na methali yake moja aliyoisema kwa kila lililotokea: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Alikuwa akiisema huku amekaa, na wateja wanapita.

Mimi wakati huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Kwetu msichana akimaliza shule alikuwa akiingia ndani, anasubiri posa na kujifunza kukanda chapati ambazo tayari anajua kuzikanda. Mimi niliponea chupuchupu. Kaka yangu alikwenda Muscat kutafuta maisha, mgongo wa baba ukawa unamsumbua, na kwa sababu hakukuwa na mwingine nikawekwa kaunta. "Kwa muda," baba alisema. Palikuwa na kiti kirefu cha mbao, kimoja tu, nacho ukikikalia unaiona barabara yote mpaka kwenye kona ya kuelekea Tandika. Nilikuwa ninajua nani kanunua khanga mpya, nani kagombana na nani, daktari gani wa zahanati kachelewa. Nilikuwa nikiulizwa bei na watu wazima nao wakanisikiliza. Sijapata kukipenda kitu kama nilivyokipenda kiti kile, na sioni haya kusema hivyo.

Basi akaja jirani wa ng'ambo ya barabara. Kijana kutoka bara, mchangamfu, anayemwita kila mtu mama yangu na dada yangu. Alipaka ukuta wote wa duka lake rangi ya tangazo la sabuni, akaning'iniza spika juu ya mlango, na kutwa spika ile ilikuwa inaimba na kuita: njoo ununue, njoo ushinde! Kila anayenunua alipewa tiketi. Tiketi zilikuwa zikiingizwa kwenye boksi, na siku ya Idi ingetolewa moja, mwenye nayo anaondoka na redio-kaseti ya spika mbili. Redio yenyewe alikuwa ameiweka dirishani imevishwa utepe mwekundu.

Wateja wetu walivuka barabara. Hawakuvuka kwa siri. Walikuwa wakitupungia mkono wakati wanavuka. Mama mmoja muuza vitumbua, aliyenunua unga kwetu tangu mimi sijazaliwa, aliniambia wazi, "Mwanangu, mie nitashindaga wapi redio tena katika maisha haya?" Hata mie ningependa kuishinda.

Jioni moja nikamwambia baba kwamba na sisi tuweke zawadi. Alikuwa anajitayarisha kwenda kuswali, ameshika kanzu mkono mmoja.

"Ile ni kamari," akasema.

"Baba, watu hawatoi kitu. Wananunua sabuni yao, wanapewa tiketi bure."

"Mmoja anapata, mia wanakosa, na wote walikuwa na tamaa ileile. Kamari ni kamari, hata uifunge utepe." Akavaa kanzu. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akasema, "Nimezungumza na yule bwana wa vifaa vya umeme. Mambo yakiwa hivihivi mpaka Idi, fremu nampangisha. Nami nitapumzisha mgongo."

Yeye alikuwa anapumzisha mgongo. Mimi nilikuwa ninarudishwa uani. Nilibaki kwenye kile kiti nimeshika mizani kwa mikono miwili, na ng'ambo spika inaita njoo ushinde.

Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umebaki siku chache tu uandame. Nilifikiri mpaka kichwa kikaniuma. Nilimtazama jirani kutwa, nikaona kwamba watu hawafuati redio peke yake. Wanakwenda kwa sababu kila anayetoka pale anatoka na kitu mkononi cha kumkumbusha arudi, hata kikiwa karatasi. Sisi kwetu mtu alikuwa akitoka na kilo yake iliyotimia na uso wa baba. Nikamwendea tena baba, safari hii asubuhi akiwa ameshakunywa chai.

"Je, kama kila mteja anapata? Hakuna kushinda wala kukosa. Anayenunua tunampa alama. Alama zikifika kumi anapewa bakuli, moja, la aina moja, linalojulikana. Mwenye alama kumi hakosi."

Nilimwona akiligeuza lile neno kila upande kama mtu anayenunua papai. "Zawadi ijulikane tangu mwanzo," akasema mwishowe. "Na isiwe karatasi. Karatasi imekaa kibahati nasibu. Na tukishasema, tumesema. Ahadi ni deni."

Mama mkubwa wangu alikuwa akiishi Mbezi, karibu na ufukwe, kabla hoteli hazijajaa kule. Nyuma ya nyumba yake mikomwe ilikuwa imejiotea tu, na watoto wake waliniokotea kapu zima. Nilijiona nina akili kuliko wote. Mjini komwe ataitoa wapi mtu? Haichapishwi, haiuzwi dukani, haiokotwi Temeke. Nikaandika kwa chaki kwenye ubao wa dirisha: Komwe kumi, bakuli moja. Nikayapanga mabakuli juu ya rafu, ya bluu, ya kijani na ya waridi, ili yaonekane hadi ng'ambo.

Siku za kwanza walikuja wachache, tena kwa kucheka. Yule mama wa vitumbua aliichukua komwe yake ya kwanza, akaigeuzageuza, akauliza kama aipike. Lakini Ramadhani ilipoingia na majirani wakaanza kupelekeana futari, bakuli la kwanza likatoka na maharage ya nazi ndani yake, likazunguka nyumba tatu. Baada ya hapo sikupumzika. Wanawake walikuja kwa makundi. Walikuwa wananunua robo ya sukari asubuhi na robo nyingine jioni ili wapate komwe mbili badala ya moja, nami nilijifanya sioni. Nikawauliza majina ya watoto wao. Nikaanza na kutoa nyongeza, konzi ya mwisho ya mchele, baba akiwa msikitini.

Wiki ya pili mabakuli yakawa yanatoka zaidi kuliko nilivyotarajia. Mwanamke anakuja anamwaga komwe kumi, mwenzie kumi, na wa tatu ishirini. Nilifurahi, sikujiuliza. Kitu kimoja tu nilikiona. Komwe zangu zilikuwa za kijivu zilizofifia, zina vumbi la Mbezi. Hizi zilizokuwa zikirudi zilikuwa karibu nyeusi, zimeng'aa kama zimepakwa mafuta, na ukizishika zilikuwa laini. Nikasema mikono ya wapishi ina mafuta. Nikazitumbukiza kapuni.

Alasiri moja, joto limepamba moto, nikaona msafara unakuja kutoka upande wa msikiti. Wazee wanane au tisa, wenye kofia na vikoi, na mbele yao mzee mmoja mrefu aliyestaafu bandarini, mtu aliyekuwa akiheshimiwa mtaa mzima. Begani alikuwa amebeba ubao wa bao. Aliutua juu ya kaunta yangu, ukalia kishindo. Mashimo yote yalikuwa matupu.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba. Baba yako yupo?"

"Anajilaza kidogo, babu."

"Kamwamshe. Mwambie wacheza bao wa Temeke wamefuata kete zao."

Ndipo akili ilipoingia. Nakuapia, mpaka dakika ile sikuwa nimewahi kujiuliza bao linachezwa kwa kitu gani. Msichana wa kwetu alikuwa akipita kwenye baraza ya wanaume haraka, macho chini, na anachokiona ni migongo ya kanzu na kelele za kushangilia. Sikuwahi kuchungulia ubao. Mtoto wa kiume wa miaka saba angeniambia kwamba kete za bao ni komwe, na kwamba Temeke nzima ina komwe, mfuko kila baraza, nyingine zimerithiwa kutoka kwa babu wa babu. Mimi nilikuwa nimewatangazia wake zao kwamba kila kumi ni bakuli.

Baba alitoka anafunga vifungo. Yule mzee hakumpa hata nafasi ya salamu.

"Sheikh, mie mke wangu ana mabakuli sita ya rangi tatu, lakini mie sina hata kete moja. Tangu juzi nashinda na saumu yangu natazama ukuta. Hii ni haki?"

"Wangu kachukua zote, sitini na nne, mpaka ya akiba," mwingine akadakia. "Namuuliza, ananiambia tuonje kwanza uji kwenye bakuli jipya."

Watu walianza kukusanyika. Jirani wa ng'ambo alipunguza spika yake ili asikie. Nilijua kitakachofuata. Baba atasema wake warudishe mabakuli, wake watagoma, tutachekwa mpaka Mbagala, na kesho yake yule bwana wa vifaa vya umeme atakuja kupima fremu. Nilitamani nijifunike kapu.

Baba alisikiliza mpaka wakaishiwa maneno. Kisha akanigeukia. "Tulisemaje kwenye ubao?"

"Komwe kumi, bakuli moja."

"Tulisema komwe za nani?"

"Hapana, Baba."

"Basi mabakuli ni halali ya walioyachukua. Ahadi ni deni, tumelilipa." Akawageukia wazee. "Na kete ni zenu. Hazijauzwa. Leta kapu, mama. Kila mtu achukue yake."

Nilimwaga kapu zima kwenye baraza. Wazee wakachuchumaa na kuanza kuchambua, na nilishangaa, kwa sababu kila mmoja alikuwa akizijua zake. Anaishika, anaipitisha kwenye kidole gumba, anasema hii yangu, hii ya marehemu. Zangu za Mbezi walizitupa pembeni bila kuziangalia mara mbili. Walipomaliza kuchambua wakataka kuhakikisha kama zimetimia, na kwa wacheza bao kuhakikisha ni kuziweka kwenye ubao, na zikishawekwa kwenye ubao nani atakubali kuziondoa? Wakacheza palepale. Baba aliguna, akaangalia mlango wake uliozibwa, lakini alikuwa ameshawakaribisha kwa mdomo wake, hakuwa na pa kutokea. Adhana ya magharibi iliwakuta bado wamekaa, mama akatoa tende na uji, na wakafuturu kwenye baraza yetu.

Kesho yake walirudi. Keshokutwa wakaja na wenzao. Baraza yetu ilikuwa na kivuli tangu adhuhuri, jambo ambalo sisi wenyewe hatukuwahi kulifikiria. Wacheza bao wanataka watazamaji, watazamaji wanataka kubishana, na mwanamume aliyekaa mahali tangu alasiri hawezi kurudi nyumbani mikono mitupu. Alikuwa akinunua sukari, nazi, mche wa sabuni alioagizwa na mkewe. Komwe za duka nilizipaka alama ya rangi ya kucha nyekundu, kila moja, nikikaa uani na vidole vimenata, na ubao wa dirishani ukasema sasa: komwe nyekundu. Wake wanakusanya, waume wanazibeba kuwapelekea. Hata wale wa bara waliokuwa hawafungi walikuja jioni kutazama bao na kuondoka na biskuti.

Idi ilipofika, redio ya ng'ambo ilikwenda kwa mtu mmoja wa Keko ambaye hakuna aliyemjua. Jirani alimkabidhi kwa haki mbele ya watu, na watu walipiga makofi, kisha wakatupa tiketi zao barabarani wakaenda zao. Kwetu palikuwa hapapitiki. Yule bwana wa vifaa vya umeme alikuja kutoa mkono wa Idi, akaliangalia duka, hakulitaja tena suala la fremu.

Nilikuwa na furaha ya kijinga. Usiku ule wa Idi nilikipangusa kile kiti kwa kitambaa chenye mafuta.

Siku tatu baadaye baba aliniita uani. Alikuwa na uso mwema, na hapo ningepaswa kuogopa.

"Duka limepona, mama. Mungu akubariki. Umefanya kazi ya mtoto wa kiume."

"Ahsante, Baba."

"Binamu yako wa Tanga anaingia kesho. Atakaa kaunta. Unaiona baraza ilivyo. Wanaume kutwa kucha. Haipendezi binti wa watu kukaa mbele ya macho yao. Wewe sasa pumzika."

Nilimwambia baraza ile nimeijaza mimi. Akasema anajua, ndiyo maana ananishukuru. Nilimwambia palipokuwa hapana mteja niliruhusiwa kukaa, wateja wamekuja ninafukuzwa. Hakukasirika. Alisema sikufukuzwa, nimesitiriwa. Nilikwenda jikoni nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, na mama akaacha kukata vitunguu akaniambia, "Baba yako hana ubaya na wewe, mwanangu." Nilijua hana. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana mtu mbaya ungemchukia ukamalizana naye.

Kutoka uani nilikuwa nazisikia kete zinavyodondoka shimoni moja moja, na binamu yangu anavyowauliza wateja wanataka nini kwa sauti ya kukaripia. Nilivumilia wiki moja. Kisha nikavaa buibui, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikazunguka nyumba, nikasimama mbele ya kaunta katikati ya wanawake wengine. Siku hiyo baba ndiye aliyekuwa anauza. Nikaomba kipande cha sabuni.

Alinijua. Sauti ya mwanao huipotezi. Lakini alikata sabuni, akapokea pesa, na alipokuwa anageukia mteja mwingine akaiweka komwe nyekundu mbele yangu, kama alivyomwekea kila mtu. Niliichukua. Kesho yake nikarudi kununua chumvi. Hakuniuliza ninafanya nini, wala mimi sikumwambia. Nyumbani tulikula pamoja na kuzungumza mambo mengine kabisa.

Siku ya komwe ya kumi nilichagua alasiri, baraza ikiwa imejaa. Nilizipanga juu ya kaunta, zote, kwa mstari.

"Nimekuja kuchukua zawadi," nikasema.

Baba akanyoosha mkono kwenye rafu.

"Sitaki bakuli, Baba. Nataka kiti changu."

Bao likasimama. Yule mzee wa bandari alikuwa na kete mkononi, akaishikilia hivyohivyo. Alitutazama, akamtazama binamu yangu aliyekuwa amekikalia kiti, kisha akasema taratibu, "Sheikh, huyu ndiye aliyetuleta hapa. Mcheza kwao hutuzwa."

Nafikiri, na nimefikiri miaka mingi, kwamba kwa muda mfupi alitaka kukubali. Lakini alikuwa mtu wa mizani.

"Zawadi inajulikana, mama," akasema. "Imeandikwa pale. Ingekuwa kila mtu anachagua, tungekuwa hatujaahidi kitu." Akanipa bakuli la waridi kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu mzima. Hakuniangalia usoni. Nililichukua, kwa sababu ndiyo sheria niliyoitunga mwenyewe, nikazunguka nyumba nikarudi ndani.

Nikaolewa, nikazaa, nikapitia yangu. Mtaji wa duka la Tegeta niliutafuta mwenyewe, na kiti chake kirefu nilikichongesha kwa fundi kabla sijanunua hata rafu. Baba alikuwa ameshazeeka, la Temeke limeshafungwa. Alikuja siku moja na mkongojo wake, akasimama mbele ya kaunta yangu muda mrefu bila kuingia ndani, akaomba kipande cha sabuni. Nilimkatia. Chini ya kaunta nilikuwa na komwe nyekundu kumi nilizochukua la Temeke lilipofungwa, rangi imebanduka kidogo. Nikatoa moja nikaiweka mbele yake.

Aliitambua. Aliishika, akaipitisha kwenye kidole gumba kama wale wazee.

"Zikifika kumi napata nini?" akauliza.

"Zawadi inajulikana, Baba. Bakuli."

Akacheka. Baba yangu, aliyekuwa hajui kumchekea mteja, alicheka mpaka akakohoa, akaitia komwe kwenye mfuko wa kanzu. Baada ya hapo akawa mteja wangu. Siku mgongo ukimruhusu alikuwa akija na kununua kitu kidogo, na kabla ya kuondoka alikuwa akisubiri komwe yake, mkono ameufungua.

Alifikisha saba kabla hajatutoka. Bakuli la waridi lipo pale juu ya rafu, na binti yangu, pamoja na simu yake na pointi zake, ameshaambiwa kwamba lile lina mwenyewe.